Kukagua pwani au kufua maji baharini

Mpwa wangu amemaliza chuo Mombasa, karudi Shela na laptopu yake, na kazi zilivyo adimu akawaandikia wenye nyumba za wageni programu ya hesabu. Siku moja mgeni akaletewa bili ya boti na chai: shilingi 30,050. Nauli ilikuwa 300, chai 50. Mgeni alicheka. Mwenye nyumba hakucheka, maana alianza kujiuliza ni bili ngapi zimepita bila mtu kuziangalia.

Nami diploma yangu ni ya kompyuta, ya zamani lakini haijafa, basi tukakaa barazani kuitafuta kasoro. Programu ameiandika kwa JavaScript. Ile 50 iliingia kutoka kwenye fomu ikiwa maandishi, yaani tarakimu zilizoandikwa tu, si namba ya kuhesabiwa. JavaScript ikikuta alama ya kujumlisha kati ya namba na maandishi haiulizi, inaviunga kama mtu anavyounga kamba. Python ingesimama pale pale na kulalamika. Java, ukiisha kuiambia kwamba jumla ni namba, ingeikataa programu yenyewe kabla mgeni yeyote hajaagiza chai.

Anayewajua mafundi wa Matondoni ataelewa upesi. Fundi hukagua kalafati chombo kikiwa bado nchi kavu. Akiona upenyo anauziba, na hakuna aliyelowa. Huo ndio ukaguzi wa aina: kompaila inaisoma programu nzima kabla haijaanza kazi, na panapotakiwa namba pakitiwa maandishi, inagoma. Ukaguzi wa pili ni wa safarini, programu ikiwa tayari inafanya kazi, mfano wa baharia anayechungulia ngama na kufua maji. Huyo ana faida yake, ila huliona tatizo watu wakiwa wameshapanda, tena huliona pale tu data inapopita. Kasoro iliyo kwenye ukurasa unaofunguliwa wakati wa Maulidi pekee itangoja Maulidi.

Vijana wanazipenda Python na JavaScript kwa wepesi wake, na kwa programu ndogo ya mtu mwenyewe siwalaumu. Inapogusa fedha za watu, mimi nataka fundi kwanza.

"Basi mjomba, nitahamia TypeScript, yaishe," akasema.

Hayaishi. TypeScript, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2012, inakagua aina mapema, kisha alama zote za aina hufutwa na kinachobaki kufanya kazi ni JavaScript ile ile. Kinachotoka kwenye simu ya mgeni hakikuwapo fundi alipokuwa akikagua. Akiandika "hamsini" kwa herufi, au akiacha pengo, wa kumzuia ni yule baharia tu. Kwa hiyo mlangoni panapoingia data pawe na ukaguzi wa safarini, na ndani kote pawe na wa aina. (Na namba ya simu iwekwe kama maandishi, tafadhali. Ukiiweka kama namba, ile sifuri ya mwanzo inapotea, na hakuna anayejumlisha namba za simu.)

Lakini kosa lililoniuma zaidi lilizipita kaguzi zote. Nahodha alisema boti yaondoka saa 2. Mpwa akaandika 2, programu ikamtumia mgeni ujumbe: 2:00. Ni namba, ipo kati ya 1 na 12, haina dosari. Mgeni akashuka gatini saa nane mchana. Boti ilikwenda asubuhi, na ndege ya Manda vilevile, na nahodha akakosa nauli.

Mwaka 1999 NASA walipoteza chombo chao, Mars Climate Orbiter, kwa jambo la jinsi hiyo: programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya pauni, nyingine ikazisoma kama nyutoni. Kwa kompyuta zote ni namba.

Dawa yake ni kuunda aina mbili, saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu, zisizopokeana mpaka zipitie hesabu ya kuongeza au kutoa sita. Hapo hata fundi wa pwani ataona. Nimemwambia aanze na hilo kabla ya bili, kwa sababu bili mtu huisoma akashtuka. Yeye ashikilia bili kwanza, ndiyo iliyomtia aibu. Mpaka tuafikiane, nahodha ameomba kila ujumbe uandikwe "asubuhi" au "mchana" kwa herufi, na nakala aonyeshwe yeye kabla haujatumwa.