Kutoa mimba na kuzaa kabla ya wakati: hatari ilitoka wapi?

Mwanamke aliyewahi kutoa mimba, je, anaweza baadaye kuzaa mtoto kabla ya wiki 37? Huko Scotland, watafiti waliangalia wazazi wa mara ya kwanza zaidi ya 700,000, tangu mwaka 1980 hadi 2008. Miaka ya mwanzo hatari hiyo ilionekana wazi. Kufikia mwaka 2000 ilikuwa imetoweka. Wanaona sababu ni njia iliyotumiwa. Zamani madaktari walifungua shingo ya kizazi kwa vyuma, bila kuilainisha kwanza kwa dawa. Siku hizi wengi hupewa vidonge tu.

Lakini kwetu Congo, ambako wengi hutoa mimba kwa kificho, hesabu za Scotland hazimhusu aliyechokolewa kwa kijiti. Huyo amwambie mkunga mapema, kwenye CPN ya kwanza.