Ramani Kubwa Si Uhuru: Gemu za Dunia Wazi na Historia ya Nchi ya Chai

Ukiyatazama mashamba ya chai kutoka barabara ya Kericho kwenda Litein, utadhani ni uwanda ambao mtu anaweza kuukata popote apendapo. Kijani kimelala sawasawa kutoka bonde hadi bonde, kikikatizwa tu na safu za mikaratusi. Lakini muulize yeyote aliyewahi kuchuma. Michai iliyokomaa hushikana matawi usawa wa kiuno, ikaziba kila pengo, na anayejaribu kujipenyeza katikati huchanika nguo kabla hajafika mbali. Mchumaji hupita katika safu aliyopangiwa, kikapu mgongoni, aproni ya plastiki ikimkinga na umande na ncha za matawi. Akifika mwisho hugeuka akaanza safu nyingine. Kwa mbali nchi ile iko wazi, kwa karibu ina njia zake, na njia hizo zilipangwa na mtu kwa sababu zake. Naanzia hapo kwa kuwa wapenzi wa gemu za uhusika wana mjadala wa miaka mingi kuhusu lipi ni bora: dunia wazi, ambamo mchezaji huenda atakako, au hadithi iliyonyooka, inayomshika mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Wengi wanaouendesha huchukulia kwamba ramani kubwa ndiyo uhuru na mstari ndio kifungo. Nadhani wamekosea, na nchi yetu ya chai inaonyesha kwa nini.

Kwanza tujue mgawanyiko huu ulitoka wapi. Gemu za uhusika zilizaliwa mezani kabla ya kuingia kwenye kompyuta. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi, kalamu na dadu. Mchezaji alijichagulia mhusika, na mtu mmoja pale mezani akawa msimulizi. Wachezaji wakiamua kuacha pango lililoandaliwa na kwenda mjini kutafuta pombe, msimulizi aliwabunia mji papo hapo. Kwa hiyo uhuru na hadithi vilikaa pamoja bila ugomvi, maana kati yake alikuwapo binadamu anayesikiliza. Ni kazi ileile aliyoifanya kogo, yaani bibi, katika nyumba za Wakipsigis, wenyeji wa Kericho, alipowasimulia wajukuu habari za Chemosi, lile zimwi la kutishia watoto: akiona wadogo wanasinzia hufupisha, akiulizwa swali hulijibu ndani ya hadithi, na mwisho hufika anakotaka yeye.

Kompyuta haikuwa na mtu huyo. Waliotaka kuuhamishia mchezo huo kwenye mashine ilibidi wachague kipi cha kupoteza. Upande mmoja alikuwapo Richard Garriott na mfululizo wake wa Ultima ulioanza mwaka 1981, kisha Bethesda na The Elder Scrolls kuanzia 1994. Hawa walijenga nchi na kumwachia mchezaji aizurure. Daggerfall ya 1996 ilikuwa na ardhi iliyokaribia ukubwa wa Uingereza, sehemu kubwa yake ikiwa imetungwa na programu yenyewe, na ndiyo maana vijiji vyake vilifanana mno. Upande wa pili Wajapani walikuja na Dragon Quest mwaka 1986 na Final Fantasy mwaka 1987, na miaka iliyofuata wakazidi kuilinda hadithi: wahusika wenye majina na makovu, matukio yanayokuja kwa zamu yake. Final Fantasy XIII ilipotoka mwaka 2009, wachezaji wengi walilalamika kuwa wanatembezwa kwenye ukumbi mwembamba saa nyingi. Miaka miwili baadaye ikaja Skyrim, ambayo imeuza zaidi ya nakala milioni 60, na tangu hapo karibu kila kampuni kubwa ikataka kuwa na dunia yake wazi.

Ugonjwa wa dunia wazi ni wa kimaadili kabla ya kuwa wa kiufundi, na huonekana pale hadithi inapodai haraka. Katika Fallout 4 ya 2015 wewe ni mzazi unayemtafuta mtoto wako aliyeibwa, lakini unaweza kutumia wiki nzima ukijenga vibanda na kupanga taa. Katika The Witcher 3, Geralt anamtafuta binti aliyemlea, anayewindwa na majeshi ya kutisha, na bado kila kilabu cha pombe kina mtu wa kucheza naye karata. Chukua pia Assassin's Creed Origins ya 2017, iliyowekwa Misri ya enzi za Cleopatra. Shujaa wake Bayek anawasaka waliosababisha kifo cha mwanawe, na mchezaji humkatisha njiani ili awinde viboko na mamba, achune ngozi aboreshe mavazi. Huzuni ya Bayek haina mahali pa kukaa. Ramani inamwita mchezaji kila upande, na kila wito una uzito uleule: kaburi la mtoto ni alama moja kwenye ramani, na mamba ni alama nyingine.

Aliyempa Bayek sauti ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Baada ya kazi hiyo alianzisha studio yake, Surgent Studios, na mwezi Aprili 2024 ikatoa Tales of Kenzera: Zau, mchezo uliotokana na msiba wa baba yake na unaochota katika simulizi za Kibantu na za kusini mwa Afrika. Unaweza kuucheza kwa sauti za Kiswahili, na kwa mzazi wa kwetu anayeishi ughaibuni, Minneapolis au Reading, hilo si dogo. Zau, mganga kijana, anaafikiana na Kalunga, mungu wa mauti, ampelekee roho tatu kubwa ili baba yake arudishwe. Mchezo haujanyooka kama rula, kwani kuna kurudi nyuma na vichochoro vya pembeni, lakini njia zimefungwa, na hufunguka Zau anapopata uwezo mpya. Kila nchi anayopita inabeba sura ya msiba: woga, hasira, kukataa kukubali. Huwezi kuiruka hasira ukaenda kuvua samaki. Mtu yuleyule aliyeipa dunia wazi sauti yake, alipotaka kusimulia kifo cha baba yake mwenyewe, alichagua njia yenye kingo. Naliona hilo kuwa ushahidi mzito kuliko makala yoyote ya wahakiki.

Sasa turudi nyumbani. Tuseme kijana wa Bomet aliyesomea kompyuta anataka kutengeneza gemu ya uhusika kuhusu nchi yetu, na tuseme anaiga Skyrim: mchezaji anaanza mtupu, anapanda kilele, ramani inafunguka, kisha anachukua chochote anachokikuta, mimea, madini, hata nyumba. Mtindo huo una dhana ndani yake, kwamba ardhi ni tupu hadi mchezaji afike, na kwamba kuiona ni karibu sawa na kuimiliki. Kericho inaijua dhana hiyo kwa uchungu. Sheria ya ardhi ya kikoloni ya mwaka 1915 iliihesabu hata ardhi iliyokaliwa na wenyeji kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ekari 25,000 za eneo hili walipewa maofisa wa jeshi la Uingereza waliolemazwa vitani, wakalima kitani, bei ikaanguka, mradi ukafa. Ardhi haikurudi kwa Wakipsigis. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zimeingia na chai. Kisha mwaka 1934 ikapitishwa sheria maalumu ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis waitwao orkoiik, ambao serikali iliwashutumu kwa uchochezi na wizi wa mifugo. Karibu watu 700 walipelekwa Gwassi, kwenye joto la pwani ya Ziwa Victoria, katika Kaunti ya Homa Bay ya leo, mbali na baridi na malisho waliyoyazoea. Wengi waliugua na kufia huko.

Gemu inayosimulia mwaka 1934 kwa ramani wazi ingesema uongo, hata kama kila jina na kila tarehe ndani yake ni sahihi. Mhusika wa Talai anayeweza kugeuka njiani, akakimbilia msitu wa Mau, akawinda wiki mbili kisha akarudi kuendelea na hadithi, si mtu wa 1934. Ukweli wa mwaka huo ni kwamba njia ilikuwa moja na wewe hukuichagua. Mstari, ambao katika gemu nyingine ungekuwa upungufu wa mbunifu, hapa ndio kauli yenyewe. Mchezaji anayebonyeza pedi kwenda kushoto akakuta haiwezekani, anajifunza kwa vidole kitu ambacho kitabu cha historia kinamweleza kwa maneno tu.

Nimesikia mapingamizi kadhaa, na mawili yana nguvu. La kwanza linasema kwamba ukimnyima mchezaji uamuzi umetengeneza filamu, na afadhali ungetengeneza filamu. Lakini kufunga njia hakulazimishi kufunga uamuzi. This War of Mine, gemu ya Kipoland ya 2014, inawafungia raia ndani ya mji uliozingirwa, na humo ndani kila siku ni maamuzi: nani ale, nani aachwe, tumwibie mzee jirani dawa au tusimwibie. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuiweka kwenye orodha ya kazi za kusomwa na wanafunzi. Vivyo hivyo, anayesafirishwa kwenda Gwassi ana ya kuamua: abebe nini, ng'ombe gani amwachie jirani, amwambie nini mtoto anayeuliza kama watarudi. Maamuzi hayo hayabadilishi mwisho wa safari, yanabadilisha nani anafika.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Kwamba mstari huifanya historia ionekane kama isiyoweza kuwa vingine, na kuwageuza Wakipsigis kuwa watu wa kutendwa tu. Nalikubali kwa nusu. Waliopinga walikuwapo: Kipchomber arap Koilegen, kiongozi wa Talai, alipelekwa uhamishoni mwaka 1914, miaka 20 kabla ya ukoo wote kufuata, na watawala hawakujisumbua kumwondoa mtu asiyewatisha. Lakini dunia wazi haiwezi kuuonyesha upinzani huo vizuri zaidi. Mahali ambapo kila kitu kinawezekana, kukataa hakuna gharama, na upinzani usio na gharama haumheshimu aliyelipa. Ukuta lazima uwepo ili anayeusukuma aonekane.

Sisemi dunia wazi haina mahali pake. Katika Breath of the Wild ya Nintendo ya 2017 mchezaji akishatoka uwanda wa mwanzo anaweza kwenda moja kwa moja kwa adui mkuu, au akazurura miezi, na uhuru na hadithi havigongani. Sababu ni kwamba msiba ulishatokea: shujaa ameamka baada ya miaka 100, nchi ni magofu, na kinachobaki ni kuokota kumbukumbu moja moja. Hapo kuzurura kunafaa, maana ndivyo mtu anavyoutafuta wakati uliopita. Kwa hiyo gemu ya Kericho ingeweza kuwa na sehemu mbili. Mjukuu wa leo azunguke kwa hiari yake Kapkatet, Sotik na Mogogosiek, aongee na wazee, akute mageti ya makampuni ambayo hayamfungukii. Na kila anapopata ushuhuda, mchezo umrudishe 1934, kwenye njia isiyo na kona. Tofauti ya sehemu hizo mbili ingesema mengi bila mtu kuhutubia.

Na gharama? Kwa mtengenezaji wa Afrika hili si dogo pia. Kiro'o Games ya Yaoundé ilipotaka kumalizia gemu yake ya uhusika, Aurion, ilichangisha karibu euro 50,000 mtandaoni, na mwaka 2016 ikaitoa ikiwa na hadithi yenye mwelekeo, iliyochorwa kwa mkono. Kwetu Kenya, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007 akiwa karibu peke yake. Studio ya watu wachache ikijaribu kujenga dunia wazi itaishia na milima mitupu, lakini saa 4 za hadithi nzuri inaziweza.

Kesi ya Talai na Wakipsigis imefika mbali. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya ilikubali kuwa walitendewa dhuluma, mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaieleza Uingereza wasiwasi wao, na mwaka 2022 mawakili wakaifikisha Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mashahidi ndio wanaopungua. Basi ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yuko mzee aliyezaliwa Gwassi au aliyesimuliwa na waliopelekwa huko, mpigie simu wiki hii na umrekodi kwa Kikipsigis chake. Muulize walipita wapi, walibeba nini, walilala wapi usiku wa kwanza. Mtengenezaji gemu atapatikana, kwa kuwa vijana wenye ujuzi huo wapo Kericho na wapo huku ughaibuni. Njia yenyewe ni wao wazee peke yao wanaoijua.