Picha za bidhaa zinapokwama mpakani Busia

Mfanyabiashara wa Busia akituma video ya shehena ya mahindi kwa mteja wa Tororo, mara nyingine video hukwama, ingawa za wengine zinafunguka upesi. Si lazima iwe bando limeisha.

Katika mitandao mingi ya 5G, kutuma na kupokea hupishana kwa zamu kwenye masafa yaleyale, kama malori kwenye daraja jembamba. Kupokea hupewa muda mwingi, kwa kuwa watu hutazama kuliko wanavyotuma. Kampuni ya simu inaweza kubadili mgawo huo.

Mpakani haiwezi peke yake. Mnara wa Kenya ukirusha wakati mnara wa Uganda unasikiliza wateja kwenye masafa hayohayo, simu hazisikiki: simu hutuma kwa takriban wati 0.2, mnara kwa makumi ya wati. Lazima pande zote mbili zilinganishe saa na zamu.

Meza ya mazungumzo ipo: EACO, shirika la mawasiliano la Afrika Mashariki. Nauli za kupiga simu ng'ambo zilishushwa kwa makubaliano kuanzia 2014. Zamu nazo zahitaji makubaliano. Mfanyabiashara anapolalamika, aeleze wazi: kinachochelewa ni kutuma.