Gharama za kufuga mbwa na paka katika bonde la Kilombero

Gharama za kufuga mbwa na paka katika bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro, Tanzania, ni jumla ya fedha, chakula na muda ambao kaya hutumia kumpata mnyama, kumlisha, kumkinga na maradhi na kumtibu. Katika vijiji vingi kuanzia Ifakara hadi Mlimba gharama hizo huonekana ndogo, kwa kuwa mnyama hupatikana bila malipo na hula mabaki ya jikoni. Gharama kubwa kuliko zote haitokani na chakula. Ni ile inayotokea pale mbwa asiyechanjwa anapopata kichaa cha mbwa na kuuma mtu, na mara nyingi humwangukia aliyeumwa, siyo mwenye mbwa.

Mazingira

Bonde la Kilombero liko kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na milima ya Mahenge upande wa kusini-mashariki. Wakazi wake wengi ni wakulima, na zao kuu ni mpunga. Ifakara ni mji mkubwa wa bonde. Mlimba iko zaidi ya kilomita 100 kusini-magharibi mwa Ifakara, kwenye reli ya TAZARA.

Mbwa hufugwa hasa kwa kazi. Hulinda nyumba usiku, hufukuza nyani, ngedere na nguruwe pori mashambani, na kwa wafugaji huandamana na mifugo malishoni. Familia zinapohamia mashambani msimu wa kilimo, mbwa huenda nazo. Paka hufugwa ili kupunguza panya wanaokula mpunga na mahindi ghalani. Baadhi ya kaya za Waislamu hufuga paka lakini huepuka mbwa, kwa sababu mate ya mbwa huhesabiwa kuwa najisi.

Kumpata mnyama

Mbwa na paka wengi wa vijijini hutolewa bure na jirani au ndugu. Mbwa jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Paka hubeba mimba kwa muda unaokaribia huo na anaweza kuzaa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo mtu anayepokea jike mmoja bila malipo anaweza kujikuta, kabla ya mwaka kwisha, ana wanyama wengine kadhaa wa kulishwa na kuchanjwa.

Kuhasi dume au kumfunga kizazi jike hupunguza tatizo hilo, lakini ni upasuaji unaohitaji daktari wa mifugo na dawa ya usingizi. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) iko mjini Morogoro. Kwa mtu wa Mlimba, nauli ya kwenda na kurudi pekee ni gharama ambayo wachache hukubali kuilipa kwa ajili ya mbwa.

Chakula

Mbwa mzima mwenye uzito wa kilo 15 huhitaji takriban kilokalori 800 hadi 900 kwa siku. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kilokalori 350 hivi. Kama chakula chote kingetoka kwenye unga, mbwa huyo angekula karibu robo kilo kwa siku, yaani takriban kilo 90 kwa mwaka, karibu gunia zima. Kaya nyingi hazioni gunia hilo likitoka, kwa sababu mbwa hupewa ukoko, makombo, mifupa, utumbo na vichwa vya samaki, na mengine hujitafutia mwenyewe jalalani.

Kujitafutia huko kuna bei yake. Mbwa anayezurura hukutana na mbwa wengine, hupigana nao na hurudi na minyoo, kupe au majeraha. Aidha, kumpa mbwa mahindi yaliyoota ukungu hakuokoi chochote. Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini la mbwa na inaweza kumuua.

Paka ana mahitaji tofauti. Yeye ni mla nyama, na mwili wake hauwezi kutengeneza taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki. Paka anayelishwa ugali mtupu hudhoofika macho na moyo. Dagaa kidogo, vichwa vya samaki na panya anaowakamata humtosha zaidi kuliko sahani kubwa ya ugali. Hata hivyo, nyumba inayotega sumu ya panya huhatarisha paka wake, kwa sababu sumu hiyo hubaki katika mwili wa panya anayeliwa.

Kinga na tiba

Mahitaji ya msingi ya mbwa kijijini ni haya:

• Chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kawaida kuanzia umri wa miezi 3, kisha kurudiwa kila mwaka. Katika kampeni za chanjo, hata watoto wa mbwa walio chini ya umri huo huchanjwa.
• Dawa ya minyoo. Baadhi ya minyoo ya mbwa na paka huambukiza watu, hasa watoto wanaocheza kwenye udongo uliochanganyika na kinyesi.
• Dawa ya kupe na viroboto. Kupe huwaletea mbwa magonjwa ya damu yanayoua.
• Tiba ya majeraha na magonjwa. Palipo na mbung'o, mbwa anaweza kupata ndorobo kama ng'ombe.

Dawa za minyoo na kupe huuzwa katika maduka ya dawa za mifugo. Baadhi ya dawa za kupe za mbwa, hasa zenye permethrini, ni sumu kwa paka na hazipaswi kupakwa kwao. Viuatilifu vya shambani navyo havifai kuogeshea mnyama yeyote.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inasimamia udhibiti wa magonjwa ya mifugo na wanyama wengine Tanzania, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze bila kumtesa. Kwa mwananchi wa kijijini, mtu wa kwanza wa kumwendea ni afisa mifugo wa kata.

Gharama ya kichaa cha mbwa

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyoenezwa kwa mate, hasa kwa kuumwa. Duniani, karibu watu 59,000 hukadiriwa kufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na mbwa ndiye chanzo cha takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Dalili zikishaanza, kama vile kuogopa maji, kuchanganyikiwa na kupooza, karibu kila mgonjwa hufa.

Lakini kati ya kuumwa na kuanza kwa dalili kwa kawaida hupita mwezi mmoja hadi mitatu. Katika muda huo kifo kinaweza kuzuiwa. Jeraha huoshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aliyeumwa huanza chanjo hospitalini bila kuchelewa. Ratiba ya zamani ya sindano za msuli ilikuwa na dozi 5 katika siku 28. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani limependekeza pia ratiba fupi ya sindano za ndani ya ngozi, zinazotolewa siku ya kwanza, kisha baada ya siku 3 na siku 7. Jeraha kubwa huhitaji pia seramu yenye kingamwili.

Hapo ndipo gharama inapokuwa nzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ulioshirikisha watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, ulionyesha kwamba mgonjwa wa kijijini Tanzania angehitaji zaidi ya dola 100 za Marekani kukamilisha ratiba ya chanjo iliyopendekezwa wakati huo, ilhali wengi vijijini waliishi kwa chini ya dola moja kwa siku. Fedha hizo hazikuwa za dawa tu. Zilihesabu pia nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea kwa kila safari ya kwenda hospitalini. Gharama hizo, pamoja na uhaba wa mara kwa mara wa chanjo, zilifanya baadhi ya watu wachelewe kwenda hospitalini au waache dozi kabla ya kumaliza, na hivyo kuongeza hatari ya kifo.

Umbali huongeza mzigo huo. Mtu wa Mlimba akikosa chanjo karibu nyumbani, hulazimika kusafiri kwenda Ifakara. Treni za abiria za TAZARA hazipiti kila siku, na wakati wa masika barabara za bonde huwa ngumu kupitika. Akiumwa mtoto, mtu mzima mmoja huandamana naye, na nauli huwa za watu wawili. Duniani, watoto walio chini ya miaka 15 ni karibu asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa.

Chanjo ya mbwa kwa jamii nzima

Kumchanja mbwa mmoja humkinga mbwa huyo na nyumba yake. Kukatisha maambukizi katika eneo zima huhitaji kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote. Kinga hiyo hushuka haraka, kwa sababu mbwa wa vijijini huishi miaka michache na watoto wapya huzaliwa kila wakati bila kinga. Ndiyo maana kampeni hurudiwa kila mwaka, hata pale ambapo hakuna mgonjwa aliyeonekana.

Kuanzia mwaka 2010 wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania, zikiwemo za bonde la Kilombero na za kisiwa cha Pemba, ziliingizwa katika mradi wa kuchanja mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kwa ufadhili wa taasisi ya Bill na Melinda Gates. Miradi kama huo ilifanyika pia KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini na katika visiwa vya Visayas nchini Ufilipino. Mbwa waliletwa kwenye vituo vya muda vijijini na kuchanjwa bure. Gharama ya mwenye mbwa ilikuwa kamba ya kumfungia na muda wa kusubiri.

Pemba inaonyesha kinachoweza kupatikana na kinachoweza kupotea. Ugonjwa ulitoweka kisiwani baada ya kampeni, ukaingia tena mwaka 2016, na ukakatishwa tena mwaka 2018 baada ya chanjo kurudiwa. Bonde la Kilombero halina bahari ya kulizunguka, kwa hiyo mbwa mwenye ugonjwa anaweza kuingia kutoka wilaya jirani wakati wowote.

Mlinganisho

Mwenye mbwa hufanya hesabu ya kile anachokitoa mwenyewe, yaani chakula kidogo, dawa ya minyoo na asubuhi moja ya kumpeleka mbwa kwenye chanjo. Akikosa asubuhi hiyo, haoni hasara yoyote siku hiyo. Hasara hujitokeza baadaye, mara nyingi katika nyumba nyingine, ambako mzazi hutafuta nauli, huuza mpunga kabla ya bei kupanda au hukopa ili mtoto aliyeumwa amalize sindano.

Desturi ya vijiji vingi ni kwamba mwenye mbwa huombwa kuchangia matibabu ya aliyeumwa. Hilo huwezekana pale mbwa anapojulikana ni wa nani. Mbwa anayezurura bila mwenyewe hana wa kudaiwa, na gharama yote hubaki kwa mgonjwa. Kwa sababu hiyo, kadi ya chanjo inayoonyesha jina la mwenye mbwa na tarehe ya kuchanjwa huisaidia familia ya aliyeumwa. Humwezesha mganga na afisa mifugo kujua haraka kama mbwa alikuwa na kinga. Hata hivyo, kadi haiondoi haja ya kuosha jeraha na kwenda hospitalini.