Kwa Nini Dirisha Huikana Ikoni Yake

Umeibandika ikoni ya Android Studio kwenye upau wa Linux. Unaibonyeza, programu inafunguka, lakini dirisha lake linajitokeza kwingine kwenye upau likiwa na ikoni ya jumla isiyo na utambulisho, na ile uliyoibonyeza inabaki kana kwamba haijaguswa. Ukiibonyeza tena, hurudishwi kwenye dirisha lililo wazi. Kompyuta inajaribu kuianzisha programu upya. Wengi hudhani programu imeharibika, wakaifuta na kuisakinisha tena. Hakuna kilichoharibika. Ni majina mawili tu hayakulingana.

Ikoni na dirisha havitoki mahali pamoja. Ikoni hutoka kwenye faili dogo la maandishi lenye kiishio .desktop, linalowekwa katika folda ya /usr/share/applications, au ~/.local/share/applications likiwa la mtumiaji mmoja. Humo mmeandikwa jina la programu, picha yake na amri ya kuianzisha. Dirisha huundwa baadaye na programu yenyewe, ikishaanza kazi. Kuvioanisha ni jukumu la mazingira ya eneo-kazi, yawe GNOME au KDE Plasma, na ushahidi mkuu yalio nao ni jina ambalo dirisha limejipa.

Katika mfumo wa X11, uliotoka mwaka 1987, jina hilo hukaa katika sifa iitwayo WM_CLASS, yenye maneno mawili: la kwanza hutambulisha nakala inayoendeshwa, la pili jamii ya programu. GNOME hutafuta kwanza faili la .desktop ambalo mstari wake wa StartupWMClass unalingana na neno la kwanza. Lisipopatikana, hujaribu la pili. Likikosekana hilo pia, hulinganisha maneno hayo na jina la faili lenyewe, na hata hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo na nafasi kuwa vistari ili mradi apatikane mwenye dirisha.

Utaratibu huo una sababu nzito. Chrome huruhusu tovuti zisakinishwe kama programu, na madirisha ya tovuti hizo huweza kubeba neno la pili lilelile la Chrome. Kinachozitofautisha ni neno la kwanza, linaloanza na crx_. Kama GNOME ingeanza na la pili, tovuti zako zote zingerundikana chini ya ikoni moja ya Chrome.

Sasa tuirudie Android Studio. Dirisha lake hujiita jetbrains-studio. Faili lako likiitwa android-studio.desktop bila mstari wa StartupWMClass, GNOME haiwezi kujua kwa majina hayo kwamba ikoni na dirisha ni vya programu moja. Dawa ni kuongeza mstari huu:

StartupWMClass=jetbrains-studio

Kwa programu nyingine, fungua teminali, andika xprop WM_CLASS, kisha bofya dirisha husika; majina yake yatatokea hapo hapo. Amri hiyo haiyaoni madirisha ya Wayland, mfumo mrithi wa X11. Huko, ukiwa kwenye GNOME, bonyeza Alt+F2, andika lg, kisha tazama orodha ya madirisha.

Wayland, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2012, imerahisisha mambo kwa kiasi kikubwa. Dirisha hutangaza kitambulisho kimoja, app_id, kinachotarajiwa kuwa sawasawa na jina la faili la .desktop bila kiishio. Programu zinazosakinishwa kwa Flatpak nazo huwa na majina marefu kama org.gimp.GIMP, na jina hilo moja hutarajiwa kutumika kila mahali. Windows nayo ilipata kitambulisho cha aina hii katika Windows 7, mwaka 2009. Kwenye macOS tatizo ni adimu, kwa kuwa programu, ikoni na kitambulisho hukaa katika furushi moja.

Kwa maoni yangu, mzigo huu si wa mtumiaji. Mtu aliyenunua kompyuta ili afanye kazi hapaswi kujifunza WM_CLASS ili upau wake ukae sawa. Watengenezaji wa programu, wakiwamo vijana wetu wanaoandika programu za Java na Electron, wanapaswa kulijaribu jambo hili kabla ya kutoa toleo: bandika ikoni, ifungue, tazama dirisha linakaa wapi. Nawe msomaji, hadi wafanye hivyo, nakili faili la .desktop kwenye ~/.local/share/applications na urekebishe nakala hiyo. Ukirekebisha lile la /usr/share, sasisho lijalo linaweza kuyafuta mabadiliko yako.