Pamba Kwenye Kivinjari

Sogeeni, wajukuu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, aliyefanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva. Wanasayansi wa pale walitoka nchi nyingi na kompyuta zao zilikuwa za kila aina. Alichohifadhi huyu, mashine ya yule ilishindwa kukisoma. Mwaka 1989 Tim akapendekeza namna ya kuziunganisha taarifa za mashine hizo. Tovuti ya kwanza ikafunguliwa kwa walimwengu mwaka 1991: maneno na viungo tu. Mwaka 1993 CERN ikatangaza kwamba ufundi huo ni wa watu wote, bure. Nanyi wa Bariadi mmo.

Sasa washeni kompyuta, nasi tutengeneze ukurasa wetu wa wavuti. Msiulizane nani ana bando, halihitajiki, maana ukurasa wetu utakaa humu humu ndani ya mashine. Fungueni Notepad, mwandike:

<h1>Pamba ya Simiyu</h1>

Alama ya kwanza inafungua, ya mwisho yenye mstari wa mshazari inafunga. Ni kama ninavyosema "Paukwa!" nanyi mkaitikia "Pakawa!" Ukisahau kuitikia, kivinjari kitadhani kila kinachofuata ni kichwa cha habari, na maandishi yote yatavimba. Usifute kazi yako. Tafuta alama iliyokosekana, uiweke.

Hifadhini kwa jina pamba.html, kisha mlifungue faili kwa kivinjari. Aya huwekwa ndani ya <p>. Orodha ya wilaya tano za mkoa wetu wa Simiyu, yaani Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, huwekwa ndani ya <ul>, kila wilaya na <li> yake. Juu kabisa wekeni <html lang="sw">. Hiyo sw hutambulisha Kiswahili, na programu zinazowasomea wasioona huitumia ili zitamke maneno yetu ipasavyo. Mimi naipenda sana alama hii, na inaniuma kuona kurasa nyingi za Kiswahili zimeandikwa en, yaani Kiingereza.

Rangi ni kazi ya CSS. Mwalimu wenu wa Kiingereza amewafundisha colour, na yuko sahihi, lakini CSS inaelewa color tu, tahajia ya Kimarekani. Herufi moja hiyo imewachelewesha wanafunzi wengi.

Halafu kuna JavaScript, inayoufanya ukurasa utende. Msimu wa pamba ukifika na mizigo ikapelekwa mizani kwenye chama cha msingi, mzazi anataka kujua atapata kiasi gani. Tengenezeni visanduku viwili, kimoja cha kilo, kingine cha bei, na kitufe cha kuzidisha. Kabla ya kumpa mzazi, ingizeni kilo 10 na bei ya shilingi 1,000, mkiandika 1000 bila mkato. Jibu lisipokuwa 10000, bado kuna kazi.