Chukudu na milima ya Urusi: mutoto wa Butembo anashukia wapi?

Kuko watu wanapanda ndege, wanalala hoteli na kulipa pesa mingi, juu tu ya kwenda kuanguka toka juu ya mulima wa chuma. Kwetu Butembo watoto wanashuka mulima bure, lakini mu barabara ya magari. Kati ya michezo hiyo miwili, kilima si njo tofauti. Tofauti ni freni, kizuizi, na mutu mukubwa mwenye kuchunga.

Masomo yakifungwa, angalia tu mitelemko ya kartie zetu. Watoto wanavuta chukudu zao ndogo mpaka juu. Wengine wamezitengeneza wao wenyewe na vipande vya mbao na misumari ya kuokota. Wakifika juu, mumoja anashika usukani, mwingine anamukumbatia nyuma, wa tatu anasukuma. Vumbi inapanda, kelele inapanda, na mama mwenye kuuza ndizi anavuta kitunga chake mbio. Kule chini, kwenye mutelemko unaishia, kunapita motari, kunapita Fuso yenye imebeba mbao. Mara mingi mutoto anaponea kidogo tu. Mara ingine haponi.

Butembo ni muji wa vilima: ukitoka nyumbani, ni kupanda ao ni kushuka. Beni, kilomita 54 kaskazini, ni chini zaidi, joto iko mingi, na kule utaona zaidi watoto wanakimbiza pneu ya zamani na fimbo. Lakini hamu ni ile ile: kupata mwendo, tumbo ipande mu shingo, kisha kufika chini na kucheka.

Watu wakubwa wanaiita ukorofi. Kumbe ule ukorofi, kwingine duniani, ni kazi ya mamilioni ya dola.

Makaa, punda na franka tano

Kwa Kifaransa ile treni ya kupanda na kuanguka wanaiita montagnes russes, ni kusema milima ya Urusi. Jina halikuanguka toka hewani. Mu karne ya 17 na ya 18, Warusi wa upande wa Saint-Pétersbourg walikuwa wanajenga vilima vya mbao, wanamwanga maji juu yake, baridi inageuza maji kuwa barafu, kisha watu wanateleza toka juu. Paris haina baridi kama ile. Njo maana Wafaransa walitia magurudumu: mwaka 1817 kulifunguliwa milima ya namna hiyo miwili mu muji ule, mumoja Belleville, mwingine mu bustani la Beaujon, na vigari vilikuwa vinafuata njia yenye imechongwa ili visitoke pembeni. Ya kuchekesha ni kwamba Warusi wenyewe leo hawasemi milima ya Urusi. Wao wanasema milima ya Amerika.

Na Amerika, mambo ilitokea ku kazi. Mwaka 1827, mu milima ya Pennsylvania, kampuni moja ya makaa ya mawe ilitengeneza njia ya reli ya kushusha makaa toka mugodi mpaka Mauch Chunk, kwenye mashua ilikuwa inangoja. Mashini haikuwa. Vigari vyenye kujaa vilishuka vyenyewe kwa uzito wao, na mutu wa freni juu yake. Vitupu vilirudishwa juu na nyumbu, ndugu za punda. Sasa, nyumbu wanarudi chini namna gani? Walipandishwa nao mu kigari, wakashuka kama wakubwa, upepo mu masikio.

Watu walipoona vile, wakaanza kuomba nafasi. Mwisho makaa yalipata njia ingine, na reli ile ikabaki ya watembezi peke yao, mpaka miaka ya 1930. Mwaka 1884 Mumerika LaMarcus Thompson alijenga yake kando ya bahari, Coney Island, New York. Ilikuwa inaenda kama kilomita 10 kwa saa, mwendo wa mutu anakimbia pole pole. Bei ilikuwa senti tano za dola, kama vile ungesema kwetu franka tano za zamani, wakati franka ilikuwa bado franka. Watu walipanga mustari.

Sasa ndugu musomaji, tazama chukudu yetu. Ni mbao, magurudumu mawili yenye kuvikwa kaucho, na mwanaume mwenye anaweka goti moja juu yake. Anapanda na jasho, anashuka na uzito wa muzigo: makala, viazi, mbao, mifuko ya simenti. Goma waliijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya muji, kwa heshima ya wale wenye kuisukuma. Chukudu na reli ya Mauch Chunk ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili vilizaliwa juu kilima kilikuwa kirefu, muzigo ulikuwa muzito, na mashini ilikosekana. Na pote pawili, watu waliona kama ndani ya ile kazi muko furaha.

Freni njo mwalimu

Mutu anaweza kufikiri kwamba treni ya mulima wa chuma iko na moteri inayoisukuma kila mahali. Mingi yao haina. Munyororo unaivuta mpaka juu ya kilima cha kwanza, chenye ni kirefu kuliko vingine vyote, kisha inaachiliwa. Kinachobaki ni uzito tu, sawa chukudu. Ile kelele ya kla-kla-kla wakati wa kupanda ni ya kipande cha chuma chenye kinashika meno ya njia, ili munyororo ukikatika, treni isirudi nyuma. Na tangu mwaka 1919, fundi John Miller alipoandikisha uvumbuzi wake, magurudumu hayako juu ya reli tu. Kuko na mengine chini yake, yenye kukamata. Treni ikitaka kuruka, haiwezi.

Mu bustani la Tivoli, ku Copenhague, kuko mulima wa mbao wa tangu mwaka 1914. Mpaka siku zetu, mufanyakazi anapanda katikati ya treni pamoja na wateja, mukono yake ku freni. Anajua kila kona, anajua wapi aachilie na wapi akaze. Ukimuona, utafikiri ni kijana wetu mwenye kushuka na mifuko ya makala, mguu wake unakanyaga kaucho ya nyuma.

Na kwenye freni inadharauliwa, mambo inakuwa matanga. Tarehe 30 Mei 1972, London, mu bustani la Battersea, treni ya mulima wa mbao ilijitenga na kamba yenye ilikuwa inaivuta. Kifaa cha kuizuia kurudi nyuma hakikushika. Ilirudi kinyume mpaka ikavunjika. Watoto watano walikufa. Mulima ule haukufunguliwa tena. Uingereza ni inchi tajiri, lakini utajiri haukushika ile treni. Kinachoshika ni mutu mwenye kupima kila kifaa asubuhi, na mukubwa mwenye kuwa na nguvu ya kusema: leo tunafunga.

Wanaohesabu kuanguka

Kuko watu wenye hii ni mapendo yao ya maisha. Marekani walianzisha chama chao mwaka 1978, Ulaya nako wako. Wanazunguka inchi kwa inchi, wanapanda kila mulima wa chuma mara moja hata kama ni kadogo ka watoto, kisha wanaandika hesabu. Mumoja amefika mia, mwingine ameshapita. Wanahesabu sawa vile mufanyabiashara wa Butembo anahesabu kontena zake.

Na wafanyabiashara wetu, bila kujua, wamepita karibu sana. Wale wanaoenda kununua bidhaa Guangzhou wanalala mu muji wenye bustani la Chimelong, lililofunguliwa mwaka 2006, na treni inayogeuza watu kichwa chini mara kumi. Wale wa Dubai wako na mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja mpaka Abu Dhabi. Kule, tangu mwaka 2010, kuko Formula Rossa, yenye kwa miaka mingi ilihesabiwa ya mbio kuliko zote duniani: kilomita 240 kwa saa, inazifikia mu sekunde kama tano. Wateja wanavalishwa miwani juu ya upepo na mchanga. Lakini kontena haingoji, na bei ya tiketi ni pesa ya kununua bidhaa.

Karibu zaidi, wenye kupita Kasindi mpaka Kampala wanaweza kupeleka watoto Wonder World, kule Kansanga. Kinshasa kuko maneje za FIKIN. Na Johannesburg kuko Gold Reef City, iliyofunguliwa mwaka 1987 juu ya mugodi wa zamani wa dhahabu: pale watu walikuwa wanashuka chini ya ardhi kutafuta mukate, leo watu wanapanda juu kutafuta kelele. Makaa kule Pennsylvania, dhahabu Afrika ya Kusini. Sisi wenye dhahabu, wenye mbao, wenye vilima, tunangoja nini?

Woga wa kuchagua

Kuko mutu atauliza: inchi iko mu vita, nawe unatuletea mambo ya michezo? Ni ulizo la haki, na jibu haliwezi kuwa la haraka.

Tangu Oktoba 2014 watu wanachinjwa Beni na pembeni yake. Toka tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020 Ebola ilitupiga: watu zaidi ya 2,200 walikufa, hatukupeana tena mukono, hatukuzika wetu vile tulizoea. Mwezi wa Mei 2021 ikaja état de siège. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule, bomu ililipuka Beni mu mahali pa kunywa na kula, watu wakiwa mu sikukuu. Mutoto aliyezaliwa Beni mwaka 2014 hajaona hata mwaka mumoja wa amani ya kweli. Woga anaujua. Hahitaji kuulipia tiketi.

Lakini woga wa mulima wa chuma ni wa namna ingine. Ule wa vita unakuja bila kuitwa, usiku, na hujui utaisha lini. Huu wa mchezo unauchagua wewe mwenyewe, unaona mwisho wake ukiwa bado juu, na ukifika chini unakuta ndugu zako wanacheka, nawe unacheka. Mutoto aliyeanguka hivi mara kumi na kuinuka mara kumi amejifunza kitu: kwamba mwili wake unaweza kutetemeka na kisha kutulia. Hicho hakiponyeshi vita. Lakini ni haki yake. Mukataba wa haki za mutoto wa mwaka 1989, wenye inchi yetu ilitia sahihi tangu ingali Zaïre, unasema mu kifungu cha 31: mutoto iko na haki ya kupumzika na kucheza. Haukuandika kwamba ni mutoto wa inchi yenye amani peke yake.

Hatuombi Formula Rossa. Hata kasri ya kupuliza hewa, ile ya kukodisha ku sikukuu, inahitaji umeme bila kukatika, juu mashini yake ikizimika tu, nyumba inalala na watoto ndani. Tuanze na chenye tuko nacho. Butembo iko na maseremala, iko na mafundi wa kuunga vyuma, iko na mikaratusi na pneu za kutupa. Bembea, tobogani, na mutelemko mumoja wa majani wenye umezungushiwa ua, na ukingo wa pneu kule chini, havitaki mukopo wa benki. Vinataka vitu viwili ambavyo ni vigumu kuliko pesa.

Cha kwanza ni kiwanja. Kila muzazi mwenye miaka makumi inne anaweza kuonyesha na kidole mahali alichezea mupira, leo kuna nyumba ya étage ao maduka. Muji unakua, parseli zinauzwa, na chenye hakina mwenyewe njo kinauzwa cha kwanza. Komini zote inne za Butembo na zote inne za Beni zingeweza kuchora kila moja mutelemko mumoja ku karata yake na kuandika: hapa ni pa watoto, hapauzwi.

Cha pili ni mutu wa freni. Mutu mukubwa mumoja, mwenye kulipwa kidogo, mwenye kupima mbao na misumari asubuhi, kufunga mulango mvua ikinyesha, na kuwambia wakorofi: mumoja mumoja. Kijana aliyechoka na kusukuma chukudu angeifanya hiyo kazi muzuri kuliko mutu yeyote, juu anajua kilima kinafanyaka nini.

Vakansi ya kubwa itarudi. Watoto watapanda na chukudu zao ndogo, tukitaka tusitake. Kazi yetu ni kuchagua tu kwenye watashukia.